Maiki hairekodi? Anza kwa kuikwaruza kwa ukucha

Niliwahi kurekodi saa nzima, maiki nzuri iko mbele ya mdomo. Kuja kusikiliza, sauti yangu inatoka mbali kama ya mtu aliyejifungia bafuni, huku kibodi inagonga kama nyundo. Maiki haikuwa na kosa. Kompyuta ilikuwa inasikiliza nyingine, ile ndogo iliyomo ndani ya laptopu. Tangu hapo silaumu kifaa kabla ya kupita hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua ni maiki ipi inayosikilizwa

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Nenda kichupo cha pili, cha kurekodi. Utaona maiki zote, kila moja na kipimo chake cha kijani pembeni. Sasa kwaruza kichwa cha maiki yako kwa ukucha, taratibu. Kipimo chake kikiruka, iko hai. Kikiruka cha jirani yake, ndiye mchawi wako huyo. Bofya jina la maiki unayoitaka na uifanye ya msingi.

Usiishie hapo. Programu nyingi za kurekodi zina chaguo lao la maiki wala hazijali ulichoweka kwenye Windows, kwa hiyo ichague na humo pia. Audacity, kwa mfano, husoma orodha ya vifaa inapofunguliwa. Ukichomeka maiki baadaye, ifunge uifungue upya ndipo iione.

Hatua ya 2: Hakuna kipimo kinachoruka, au kinaruka bure

Kama ni hedseti, papasa waya wake kwanza. Pale katikati mara nyingi pana swichi ndogo ya kuzima maiki, na huzimika yenyewe ikibanwa na nguo. (Usicheke, imenipata mara mbili.)

Kipimo kikiruka lakini programu haipokei kitu, hiyo ni ruhusa. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha, kisha maikrofoni. Shuka hadi chini kabisa: programu za kompyuta za kawaida zina swichi yao peke yao, na ndiyo inayosahaulika. Kwenye Mac, tangu macOS Mojave ya 2018, kila programu lazima ipewe ruhusa yake. Ukishaitoa, ifunge programu na kuifungua tena.

Hatua ya 3: Itazame plagi

Hesabu pete nyeusi kwenye plagi ya milimita 3.5. Tatu maana yake waya mmoja unabeba maiki na spika za masikioni pamoja. Kompyuta ya mezani yenye tundu la waridi la maiki na la kijani la spika haitaielewa plagi hiyo. Tafuta waya wa kugawa, wenye plagi mbili. Maiki za kondensa zenye plagi kubwa ya duara ya pini tatu (XLR) zinahitaji umeme wa volti 48, basi hakikisha kitufe cha 48V kwenye kisanduku cha sauti, kile kinachounganisha maiki na kompyuta, kimebonyezwa.

Hatua ya 4: Inarekodi, ila vibaya

Sauti ikiwa ndogo, usikimbilie kuongeza nguvu hadi desibeli +30, maana utapandisha na mvumo wa feni. Sogeza mdomo: shibiri moja kutoka kwenye maiki inatosha. Kisha rekebisha kiwango ili vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6.

Ukisikia mngurumo usiokatika, chomoa chaja ya laptopu urekodi sekunde kumi kwa betri. Mngurumo ukipotea, tatizo ni umeme wa chaja.

Hedseti ya Bluetooth ikianza kusikika kama simu ya zamani mara tu unaporekodi, haijaharibika. Maiki yake ikiwashwa, hedseti nyingi hubadili njia ya mawasiliano na ubora hushuka. Iache ya kusikilizia tu, urekodi kwa maiki nyingine.

Umepita zote na bado kimya? Ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikinyamaza na huko, imekufa.