Namna ya Kujibu Ombi la Kutaifisha Mali katika Mahakama Kuu ya Ireland

Anayepokea hati kutoka Criminal Assets Bureau, ofisi ya Ireland inayofuatilia mali zitokanazo na uhalifu, aelewe kwanza kwamba shauri ni la madai na linailenga mali. Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 1996, iliyopitishwa wiki chache baada ya mwandishi wa habari Veronica Guerin kuuawa kwa risasi, inairuhusu Mahakama Kuu kuizuia mali na hatimaye kuitaifisha hata pasipo mtu yeyote kutiwa hatiani. Kwa hiyo kujitetea kwa kusema tu kwamba hujawahi kufungwa hakutakufikisha mbali.

Tafuta wakili siku hiyohiyo, kisha mtazame tarehe. Amri ya muda ya kifungu cha 2 hutolewa kwa kusikiliza upande mmoja, kwa mali yenye thamani isiyopungua yuro 5,000, na hukoma baada ya siku 21 isipokuwa ofisi hiyo iwe imeomba amri ya kifungu cha 3, inayoizuia mali kwa muda mrefu zaidi, ndani ya muda huo. Ombi hilo la pili ndilo shauri lenyewe. Wakati huo usiuze wala kuhamisha chochote kilichotajwa.

Kazi kubwa iko kwenye hati ya kiapo. Chini ya kifungu cha 8, afisa mwandamizi anaweza kueleza imani yake kwamba mali imetokana na uhalifu, na jaji akiridhika kwamba imani hiyo ina msingi, maelezo hayo huwa ushahidi. Hapo ni juu yako kuonyesha fedha zilitoka wapi. Ambatisha taarifa za benki, hati za mshahara, mikataba ya mkopo na ritani za kodi, ukizipanga kwa tarehe mpaka siku mali iliponunuliwa. Kumbuka kwamba ofisi hiyo ina polisi, maafisa wa kodi na wa ustawi wa jamii wanaofanya kazi pamoja, hivyo ukidai nyumba ilitokana na faida ya biashara ambayo hukuwahi kuitangaza kwa mamlaka ya kodi, kiapo chako kitakugeukia na huenda ukadaiwa kodi pia. Naona ni heri kuliacha pengo dogo wazi kuliko kuliziba kwa maelezo yasiyo na karatasi.

Mke, mume au mzazi mwenye fungu lake katika mali aape kiapo chake mwenyewe, kwa kuwa mahakama haitoi amri ya kifungu cha 3 inapoona hatari kubwa ya kutendeka dhuluma. Gharama za kujikimu na za wakili zinaweza kuombwa kutoka katika mali iliyozuiwa, kwa kifungu cha 6.

Amri ya kifungu cha 3 ikitolewa, shauri halijafungwa. Sheria ya 1996 ilitaka angalau miaka 7 ipite kabla ya amri ya kifungu cha 4 inayoihamishia Serikali mali hiyo. Muulize wakili muda unaotumika katika shauri lako, kwa kuwa wakati amri ya kifungu cha 3 ingali na nguvu, mwenye maslahi katika mali bado anaweza kuomba ibadilishwe au iondolewe.