Unataka kujitolea kupeleka vijana wa mjini porini? Soma hii kwanza

Watu wengi wakifikiria kujitolea kuongoza vijana wa mitaa yenye maisha magumu kwenda msituni au mlimani wanajiuliza kama wana pumzi ya kutosha. Pumzi utaipata njiani. Jiulize kama mwezi ujao utakuwepo tena, maana hawa vijana washazoea watu wazima wanaotokea mara moja, wanapiga nao picha, wanaahidi mambo kibao halafu kimya. Kama ratiba yako inaruhusu tripu nne kwa mwaka, sema nne, na ziwe na kundi lile lile.

Usianze peke yako. Tafuta taasisi yenye bima, fomu na mtu wa kumpigia mambo yakiharibika. Kwa mfano Marekani, shirika la mazingira la Sierra Club wana mradi wao wa kupeleka vijana porini ulioanzia San Francisco mwaka 1971, sasa unaitwa Inspiring Connections Outdoors, na unaendeshwa hasa na watu wa kujitolea. Outward Bound, shirika la kufundisha vijana kupitia safari za porini, nao wapo nchi nyingi, wao walianza 1941 kule Wales. Kama kwenu hakuna kitu cha hivyo nenda shuleni au kituo cha vijana, waambie una miguu na wikiendi, wao tayari wana vijana na wanaaminika kwa wazazi. Na hakikisha mtu mmoja wa kwao anasafiri na nyie, mtu anayejua nani na nani hawapatani, nani akinyamaza ujue kuna kitu.

Utaombwa ukaguliwe rekodi zako za polisi, usione unadharauliwa. Ungana na utaratibu wao wote wa kulinda watoto, hata ule unaokukera. Mkubwa mmoja hakai peke yake na kijana mmoja mahali pasipoonekana, iwe kwenye gari, hema au njia ya kwenda chooni. Meseji zinapita kwenye grupu lenye mkubwa mwingine ndani, sio inboksi. Na kijana akikufungukia kwamba nyumbani kuna mtu anamuumiza (inatokea sana, kutembea bega kwa bega kunafungua midomo) msikilize, usimhoji kama askari, usimwahidi siri, na siku hiyo hiyo mwambie mtu anayehusika na ulinzi wa watoto kwenye taasisi.

Kuhusu huduma ya kwanza, tafuta kozi ya mazingira ya porini, ile fupi huwa ya masaa 16, yaani wikiendi moja. Kozi ya kawaida inakufundisha la kufanya mpaka gari la wagonjwa lije, sasa huko unakoenda gari haliji haraka.

Halafu wazazi. Hapa ndipo tripu nyingi zinafia na watu wanasingizia vijana hawana hamu. Mzazi hajawahi kufika huko, anasikia msitu anawaza nyoka na kupotea, na wewe hakujui. Kutana naye uso kwa uso, mwambie mnaenda wapi, mnarudi saa ngapi, nani ana simu. Fomu ya afya jaza naye kwa kuongea, usimtumie tu karatasi: pumu, aleji, kifafa, dawa anazotumia, selimundu (sickle cell). Hiyo selimundu usiipite haraka, kwa sababu baridi, kukosa maji na kupanda juu sana vinaweza kumletea maumivu makali, kwa hiyo daktari wake aulizwe kabla. Kama mtakuwa karibu na maji uliza kama anajua kuogelea ila jibu usiliamini, kijana wa miaka 14 mbele ya wenzake atasema anajua.

Vifaa sasa. Usiandike kwenye tangazo "njoo na viatu vya mlimani na koti la mvua", hapo ushawafukuza nusu yao na hawatakwambia kwa nini, watasema tu wana shughuli. Kusanya vya mitumba, omba marafiki wako wanaopanda milima, weka stoo moja, na siku ya kugawa kila mtu apewe, mwenye navyo na asiye navyo, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Kwa njia fupi iliyokauka raba zinatosha kabisa. Cha kuogopa ni jinzi na fulana za pamba zikilowa kwenye baridi, zinakaa na maji na mtoto anaanza kutetemeka, kwa hiyo beba sweta za ziada, soksi za ziada, na pedi kwenye begi la huduma ya kwanza bila kusubiri mtu aombe. Chakula beba zaidi ya hesabu, kuna atakayefika hajala tangu jana na hatasema.

Njia itembee mwenyewe kabla. Ya kwanza iwe fupi, kilomita 3 mpaka 5, yenye choo na mahali pa kukatishia safari. Kuna kanuni ya Naismith, ya mwaka 1892, inasema hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 8 zenye mita 300 za mlima ni kama masaa mawili na kidogo, ila huyo ni mtu mzima mzoefu asiyesimama kupiga selfi, mimi nazidisha mara moja na nusu halafu naongeza mapumziko. Panga na saa ya kugeuza, mkifika kileleni msifike mnageuza, na uwaambie mapema isije ikaonekana umewakatia raha.

Siku yenyewe mkubwa mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, na yule mvumilivu kuliko wote ndiye akae nyuma. Hesabu vichwa kila mkisimama. Kosa ambalo karibu kila kiongozi mpya analifanya: wa mbele wanapumzika wakisubiri, wa nyuma wakifika tu kundi linaondoka, yaani aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Wakifika nao wakae. Au mpeleke mbele yule wa polepole ashike mwendo. Kila mtu awe na filimbi, na sheria iwe moja tu: ukiona umepotea simama hapo hapo, puliza mara tatu, usitafute njia.

Radi usibishane nayo. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, zikiwa chini ya 30 iko ndani ya kama kilomita 10, shukeni kutoka kileleni na mtoke sehemu za wazi, ingieni kwenye jengo au gari kama lipo, na msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ishu ya choo ielezee bila aibu kabla hamjaondoka, maana wengine watabana siku nzima na hawatakunywa maji kwa sababu hiyo: shimo la sentimita 15 mpaka 20, hatua kama 70 kutoka kwenye maji, karatasi mrudi nazo kwenye mfuko.

Woga usiucheke. Kijana anayevuka barabara ya magari kasi bila kupepesa macho anaweza kuganda kwa ajili ya buibui au giza, na asiyetaka kuvuka mto asisukumwe, mpe kazi nyingine, ashike ramani au saa. Simu mimi siwanyang'anyi, ndiyo kamera yao na ndiyo njia ya mama kujua wapo salama. Na punguza mihadhara ya mazingira, mti mmoja wenye maswali yao unatosha. Hasa usiwahutubie kuhusu maisha yao magumu, wanayajua.

Mkirudi usiondoke mpaka wa mwisho achukuliwe. Usiku huo huo andika kilichotaka kuharibika hata kama hakikuharibika, kiongozi wa tripu inayofuata atakihitaji. Tarehe ya safari ijayo waambie kabla hawajashuka kwenye gari. Baada ya misimu michache utaona mmoja ambaye wenzake wanamsikiliza kuliko wewe, huyo mlipieni kozi ya huduma ya kwanza, mpe nafasi ya mbele, na tripu ijayo mwambie afike nusu saa kabla ya wenzake mkague mabegi pamoja.