Kabla kiwanda hakijatangaza kupinga uvuvi wa sangara wachanga

Kiwanda cha minofu cha Mwanza kikitaka kusema hadharani kwamba kinapinga uvuvi wa sangara wachanga, kazi haianzii kwa waandishi wa habari. Inaanzia kwenye mzani wa mapokezi.

Kwa wiki mbili, katika kila gari linaloingia, chukueni samaki 50 bila kuchagua. Mlazeni kila mmoja kwenye ubao wa kupimia, mdomo uguse kizuizi, msome hadi ncha ya mkia. Asiyefika sentimita 50 ni mchanga. Wa urefu huo huwa na kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo mpokeaji mzoefu humjua kwa mkono tu. Andikeni tarehe, mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki) alikotoka na idadi ya wasiofika urefu huo. Msipime wa juu peke yao: wachanga hufukiwa chini kwenye barafu, wakubwa wakawafunika.

Halafu mawakala. Matamko mengi hufia hapa. Kiwanda humpa wakala fedha, wakala humpa tajiri wa mitumbwi nyavu na mafuta, deni linalipwa kwa samaki. Anayedaiwa hachagui. Mkikataa wachanga getini bila kugusa deni, wataishia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwa bei ya kutupa, na Ziwa Victoria halitapata nafuu yoyote. Badilisheni mkataba: nyavu za mkopo ziwe za inchi 6 kwenda juu (vuta jicho hadi likaze, pima fundo hadi fundo la upande wa pili), bei ya kilo ipande kadiri samaki alivyo mkubwa, na muda wa marejesho uongezwe, walau miezi mitatu. Mhasibu atanung'unika. Mwacheni.

Sasa andikeni tamko. Sentensi nne zinatosha: mnachopinga, namba mlizokuta kwenye mzani wenu, mlichobadilisha, na tarehe ya kutoa namba nyingine. Namba hizo azione kwanza mwanasheria, kisha afisa uvuvi, maana ni kukiri kwamba mlipokea samaki waliokatazwa. Libandikwe kwenye mbao za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) mialoni kabla ya kufika gazetini. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara akisikia redioni kwamba kiwanda kinamlaumu, mmeshampoteza. Maneno "wavuvi haramu" yaondoeni. Samaki wale mmewanunua ninyi.

Kuidai serikali doria zaidi ni msimamo halali. Kumbeba mgombea ni jambo jingine, na michango ya uchaguzi ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Kampeni zikikaribia angalieni hata fulana za wafanyakazi: kijani na njano zitasomwa kuwa za CCM, hata kama rangi ilichaguliwa na fundi.

Msimamo huvunjika usiku, samaki wakiadimika huku oda inasubiri. Mpokeaji wa zamu hiyo apewe mamlaka ya maandishi ya kukataa mzigo bila kumpigia meneja simu, na kila alichokataa kiingie kwenye daftari lenye kurasa zilizopigwa namba.