Kumtafuta Seyyid Said kwenye magazeti ya zamani ya Uingereza

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye hifadhi ya magazeti ya kale ya Uingereza niliandika "Zanzibar", nikabana miaka 1780 hadi 1800, nikabonyeza. Yakaja matokeo ya kuhesabu kwa vidole. Nikafunga kompyuta nikiamini Waingereza wa enzi hizo hawakuwa na habari na pwani yetu. Kumbe kosa lilikuwa langu. Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi, na mfano wetu uwe meli ambayo Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza mwaka 1836.

Hatua ya 1: Chagua hifadhi

Kwa karne ya 17 na 18, kuna mkusanyo wa Burney. Charles Burney alikuwa mchungaji na mwalimu aliyelimbikiza magazeti mpaka alipofariki mwaka 1817. Mwaka uliofuata maktaba yake ilinunuliwa kwa pauni 13,500 kwa ajili ya British Museum. Nakala za kidijitali ni za kulipia, kwa hiyo ulizia kwanza maktaba ya chuo chako.

Meli yetu ni ya baadaye, basi tunakwenda British Newspaper Archive, iliyofunguliwa mwaka 2011. Kutafuta ni bure. Kufungua ukurasa mara nyingi unalipia. Mimi silipi mapema. Natafuta bure siku kadhaa, naorodhesha ninachokitaka, ndipo nalipia mwezi mmoja na kufungua vyote kwa mkupuo. Usisahau London Gazette, gazeti la serikali lililoanzia Oxford mwaka 1665 wakati mfalme na watu wake wameikimbia tauni ya London. Hilo lipo mtandaoni bure.

Hatua ya 2: Andika majina kama walivyoyaandika wao

Seyyid Said wao walimwita "Imaum of Muscat", ingawa mwenyewe hakujiita imamu. Kwa pwani jaribu Zanguebar, Mombas, Mombaza, Melinda, na Quiloa kwa Kilwa. Meli yenyewe, ya mizinga 74, iliundwa Bombay na kuitwa Liverpool. Waingereza walipoipokea wakaibadili jina ikawa Imaum. Ukitafuta "Liverpool" peke yake utazama kwenye habari za mji wa Liverpool. Iunganishe na "Imaum" au "Muscat", na ubane miaka.

Hatua ya 3: Tafuta makosa ya mashine

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unapotafuta, hutafuti ndani ya gazeti. Unatafuta ndani ya maandishi yaliyotolewa na programu ya kusoma herufi, na kwa Burney programu hiyo ilisoma picha zilizotokana na maikrofilamu, yaani picha ya picha, pamoja na madoa na wino uliovuja kutoka upande wa pili wa karatasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika Burney, maneno yenye uzito, ukiacha viunganishi na vijineno vingine, yaliyosomwa sawasawa hayakufika nusu.

Halafu kuna s ndefu. Hadi karibu mwaka 1800 wapiga chapa waliitumia mwanzoni na katikati ya neno. Inafanana na f, ila kile kijistari cha katikati hakivuki kwenda kulia. Mashine haioni tofauti hiyo. "Ship" inakuwa "fhip", "slave" inakuwa "flave", na Muscat, mji mzima, unakuwa "Mufcat". Basi andika hivyohivyo, Mufcat, bila aibu. Nilipojaribu mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka maana matokeo yalianza kumiminika.

Kufikia 1836 s ndefu ilishatoweka, lakini m bado hugeuzwa rn: jaribu "Irnaum".

Hatua ya 4: Soma safu nzima

Usiishie kwenye kile kipande cha maneno kinachoonekana kwenye matokeo. Fungua picha ya ukurasa, soma juu na chini. Magazeti ya mikoani yalinakili ya London neno kwa neno, hivyo matokeo kumi huenda ni habari moja tu. Yapange kwa tarehe ulifuate la mwanzo.

Hatua ya 5: Zichunguze tarehe

Habari za Bahari ya Hindi zilisafiri kwa miezi, kwa hiyo tarehe ya gazeti usiifanye tarehe ya tukio. Kwa mfano wetu, nyoosha kipindi mpaka 1838, mwaka ambao Ali bin Nasser, mjumbe wa Seyyid Said, alikuwa London.

Ukirudi nyuma ya 1752, jihadhari zaidi: mwaka rasmi Uingereza ulianza Machi 25, hivyo gazeti la Februari 1719 laweza kuwa la 1720 kwa hesabu yetu. Na Septemba 1752 usihangaike kutafuta toleo la tarehe 5. Walibadili kalenda: walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Hatua ya 6: Weka jedwali

Jina la gazeti, tarehe, ukurasa, safu, na neno ulilotafutia. Andika pia utafutaji uliotoka mtupu, pamoja na tahajia uliyotumia. Mstari wa kwanza wa jedwali langu bado unasomeka "Zanzibar, 1780–1800, karibu hakuna kitu", na pembeni yake, kwa rangi nyekundu: "Rudia kwa Zanguebar."