Kununua nyumba Mbeya kwa mkopo ukiwa nje ya nchi

Nilikuwa ofisa mikopo hapa Mbeya miaka kadhaa kabla sijaanza kuwashughulikia walioko nje. Karibu kila anayenipigia kutoka Manchester au Houston anaanza na riba. Riba tutaifikia. Tuanze na karatasi.

Hatua ya 1: omba picha ya hati kabla ya picha za sebule

Nyumba nyingi za Mwanjelwa na za kule milimani zina karatasi ya mauziano tu, yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa kuishi watu wanaishi nayo, benki haiipokei. Inataka hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99, yenye jina la anayeuza. Jina likiwa la marehemu babu, mirathi imalizike kwanza.

Kama ulishachukua pasi ya nchi nyingine, muone wakili kabla ya benki. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimchukulii asiye raia sawa na raia.

Hatua ya 2: fanya upekuzi (kukagua daftari la ofisi ya ardhi)

Niliwahi kushika hati ya nyumba ya Isyesye, safi, haijakunjwa hata kona. Nikampa mteja moyo, akatuma malipo ya awali. Upekuzi wa ofisi ya ardhi ulipotoka, palikuwa na zuio, yaani pingamizi lililosajiliwa, la mke wa muuzaji. Tulifuatilia pesa ile miezi saba, na haikurudi yote. Siku hizi hata anayeuza awe shemeji yangu, hapokei shilingi kabla ya upekuzi.

Hatua ya 3: mpe mtu mamlaka, lakini kwa kipimo

Hati ya uwakilishi wa kisheria ithibitishwe ubalozini, kisha isajiliwe huku. Taja kiwanja, kitalu, na kazi yenyewe: kusaini mkataba na rehani, basi. "Kaka anishughulikie mambo yote" usiandike kamwe. Nyumba ikiwa ya ndoa, mwenzi wako naye aridhie kwa maandishi, la sivyo rehani haisimami.

Hatua ya 4: thibitisha kipato

Mkataba wa kazi, hati za mshahara, taarifa ya akaunti, kibali cha kuishi. Za Kijerumani zitafsiriwe.

Hatua ya 5: sasa riba

Chukua mkopo wa milioni 60 kwa asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miaka 15 rejesho ni kama 840,000 kwa mwezi, jumla milioni 151. Ukivuta hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi 790,000, ila jumla inapanda hadi karibu milioni 190. Yaani unapunguza elfu hamsini kwa mwezi, unalipa milioni 38 zaidi. Mimi ningebana matumizi. Na kwa kuwa mshahara ni pauni na deni ni shilingi, weka akiba ya marejesho ya miezi mitatu huku nyumbani.

Hatua ya 6: gharama za pembeni

Ushuru wa stempu asilimia 1, mthamini aliyesajiliwa, wakili, bima. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya mauzo, ni ya muuzaji, lakini ifuatilie wewe: asipoilipa TRA (mamlaka ya mapato), uhamisho unakwama na wewe ndiye unayesubiri.

Hati ikishahamishwa, benki inaikalia mpaka rejesho la mwisho. Dai nakala iliyothibitishwa. Siku ukimaliza deni, usichukue hati tu na kuondoka. Hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la msajili.