Kunasa hewa ukaa kwa unga wa basalti shambani: vipimo kwanza, kumwaga baadaye

Maji ya mvua yakichanganyika na hewa ukaa huwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo hula mwamba wenye kalsiamu na magnesiamu, kama basalti (mwamba wa volkano), na kaboni hugeuka bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini, inayosafiri na maji hadi baharini. Kusaga mwamba huongeza kasi tu; kemia ni ileile.

1. Pima mwamba kabla ya kuulipia. Maabara ikupe asilimia za oksidi (kalsiamu au magnesiamu iliyoungana na oksijeni). Kilo 1 ya oksidi ya kalsiamu hunasa hadi kilo 1.57 za hewa ukaa. Ya magnesiamu, kilo 2.18. Basalti yenye asilimia 10 ya kwanza na 7 ya pili ina kikomo cha kilo 310 hivi kwa tani, na kikomo hicho hakifikiwi kwa msimu mmoja. Kalsiamu iliyo ndani ya kaboneti (madini kama ya chokaa, ambayo tayari yana kaboni) ihesabu nusu. Dai pia vipimo vya nikeli, kromiamu na asbesto. Olivini, madini yenye magnesiamu nyingi, hunasa zaidi, ila nikeli yake huwa nyingi. Shamba la chakula usilipelekee.

2. Chagua udongo. Joto, mvua ya kutosha, pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali) kati ya 5.5 na 6.5. Chini ya 5, tindikali kali, mara nyingi ya mbolea za nitrojeni, huufikia mwamba kabla ya ile ya hewa ukaa: unga unayeyuka lakini hakuna kilichonaswa. Udongo wa chumvichumvi wenye pH ya 8 na zaidi hujenga kaboneti, na nusu ya ulichonasa hurudi angani.

3. Chukua sampuli za mwanzo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tani 20 kwa hekta ni kilo 2 kwa mita mraba, na udongo wa sentimita 15 za juu una uzito wa tani 1,950 hivi kwa hekta. Unga wako basi ni asilimia 1 tu ya udongo huo! Tofauti za kawaida kati ya kona moja ya shamba na nyingine zinaweza kuumeza kabisa. Gawa shamba vipande, changanya vichomo (sampuli ndogo za udongo zilizochomolewa) 15 hadi 20 kwa kila kipande, andika mahali pa kila kichomo, na uache vipande visivyomwagiwa kwa kulinganisha. Ukishamwaga, hakuna kurudi nyuma.

4. Mwaga. Tumia unga ulio chini ya mikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita), ulioloweshwa kidogo, siku isiyo na upepo. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, maana silika iliyomo kwenye vumbi la mwamba huharibu mapafu, kitambaa hakitoshi. Changanya na udongo wa juu mara moja, la sivyo mvua kubwa itauzoa.

5. Pima tena kila mwaka, vichomo palepale. Linganisha kalsiamu na magnesiamu dhidi ya titani, metali iliyomo mwambani ambayo haihami kirahisi: titani ikibaki na hizo zikapungua, mwamba umelika. Sehemu ya madini hayo hushikwa na chembe za udongo kwa miaka, kwa hiyo kulika si sawa na kunasa. Sampuli za maji yanayopenya chini ndizo zinazoonyesha bikaboneti. Mwisho, kwenye hesabu yako punguza hewa ukaa iliyotokana na umeme wa kusagia na dizeli ya malori. Machimbo yakiwa mbali, makato hayo hula sehemu kubwa ya faida.