Kitabu kimoja, mkeka mmoja
Wazazi mnaofundisha watoto nyumbani, hii ya kila mtoto na kitabu chake kona yake si lazima iwe kila siku. Chukueni kimoja tu, wote mkekani, wewe unasoma kwa sauti, anayejua kusoma mnapokezana naye aya kwa aya, yule mdogo kazi yake kufunua kurasa na kuuliza maswali (atauliza mpaka uchoke, mjibu tu). Mkifika patamu funga kitabu, kesho watakidai wenyewe.

Na msome vya huku kwetu jamani. Sisi hapa Lindi tulisoma habari za yule mjusi wa Tendaguru, ile mifupa ya dainosa Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaibeba hadi Berlin, yule mkubwa amesimamishwa makumbusho kule ana urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 13. Sasa mita 13 kwa mtoto ni namba tu, basi nikachukua kamba ya kuanikia nguo na tepu ya fundi tukapima uani, kamba ikaanzia mlangoni ikapita mkorosho ikaishia kwa jirani, jirani naye akaja kuuliza kulikoni ikabidi na yeye asomewe 😂 Hapo hesabu, historia na Kiswahili vimeenda kwa mpigo.

Tepu kama huna tumia rula, mkubwa ndo ahesabu. Hata gazeti lililofungia maandazi linasomeka, ila lisiwe limelowa mafuta sana.